Mapigo ya Jumanne

Sura ya Saba

Ngazi za jengo la Mtaa wa Sikukuu zilikuwa bado zinanuka kitambaa kilichoungua. Mkaguzi wa Polisi Sitara Abdulmalik alipanda hadi ghorofa ya pili, akainama kupita chini ya utepe alioufunga mwenyewe siku kumi na saba zilizopita, akasimama mlangoni pa chumba cha mafundi cherehani.

Alikuja kufunga jalada, si kulifungua. Kabla ya saa tisa alasiri lilitakiwa kuwa mezani kwa wakili wa serikali. Ndani yake mlikuwa na picha za moto, ripoti ya daktari kuhusu kifo cha Matilda, fundi cherehani aliyekosa hewa kwenye moshi, na ripoti ya kitaalamu iliyoeleza kwamba waya uliowekwa na fundi umeme Seifu ulikuwa mwembamba mno kwa mzigo wa cherehani kumi na nne. Seifu alikuwa rumande. Sitara ndiye aliyemtia pingu. Kilichopungua ni sahihi moja tu, ya Bi Nasreen, msimamizi wa chumba, ambaye koplo alichukua maelezo yake akasahau kumpa kalamu.

Bi Nasreen alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachambua vifungo vilivyosalimika na moto.

“Shikamoo, Bi Nasreen.”

“Marahaba. Umenirudishia Seifu wangu au umeniletea maswali?”

“Nimekuletea karatasi usaini, mama.”

“Nisomee kwanza. Mimi sisaini nisichokisikia. Hata ndoa yangu nilimwambia shehe arudie.”

Sitara alisoma. “‘Siku ya Ijumaa, moto ulipoanza saa saba na dakika nane mchana, mimi nilikuwa ng’ambo ya barabara nyumbani kwa Bi Sophia.’”

“Kweli. Na wenzangu?”

“Koplo hakuandika.”

“Hakuandika kwa kuwa hakuuliza.”

“Nauliza mimi. Walikuwa wapi?”

Bi Nasreen aliacha vifungo. “Ijumaa saa saba mchana, Sitara binti Abdulmalik? Baba yako Ijumaa saa saba mchana anakuwa wapi?”

Sitara alishusha karatasi.

“Ijumaa saa sita na nusu chumba hiki kinanyamaza,” Bi Nasreen aliendelea. “Wanaume wanakwenda msikitini, sisi tunaswali kwa Bi Sophia, tunakula, tunarudi saa nane. Anabaki Matilda kulinda nguo za wateja. Jumapili yeye akienda kanisani, tunalinda sisi. Miaka sita hatujapoteza hata kanzu.”

“Siku ile hakukuwa na kazi ya haraka? Sare za shule? Harusi?”

“Hata ingekuwa harusi ya binti yangu.”

“Kwa hiyo Matilda alikuwa anashona peke yake. Cherehani moja.”

“Hata hiyo moja ilikuwa imezimwa. Alikuwa anatoboa tundu za vifungo kwa mkono. Si mlimkuta na sindano?”

Walimkuta na sindano. Ilikuwa kwenye picha ya nne.

“Pasi?” Sitara aliuliza. Moto mwingi wa Kariakoo huanzia kwenye pasi iliyosahauliwa.

Bi Nasreen alionyesha kwa kidole. Kwenye ukuta ambao moto haukuufikia, pasi ilining’inia msumarini, waya wake umezungushwa vizuri.

“Kwa nini alikuwa anashona kwa mkono wakati cherehani ipo?”

“Ilikuwa inagoma tangu Alhamisi. Umeme unashuka, unapanda, unashuka. Tangu lile joka la barafu lilipoletwa hapo chini.”

“Joka gani, mama?”

“Mashine ya kutengenezea barafu. Mzee Rogath, mwenye nyumba, aliishusha Jumatano jioni, ile siku umeme ulikatika tangu asubuhi. Seifu akamwambia mbele yetu, ‘Mzee, laini ya juu haibebi hili dude, niruhusu nilivutie laini yake.’ Mzee akasema atatafuta fundi asiye na maneno mengi. Akamtafuta. Alhamisi asubuhi likaanza kunguruma. Kila likinguruma, taa zetu zinafumba macho.”

“Haya yote hukumwambia koplo?”

“Koplo aliniuliza nilikuwa wapi. Hakuniuliza nilisikia nini.”

Sitara hakumpa karatasi ile kusaini. Aliikunja, akatoa nyingine, akaandika upya tangu mwanzo. Bi Nasreen alisomewa mara mbili, akasaini.

Ghala la chini lilifunguliwa na mlinzi wa jengo, mzee mmoja aliyeitwa Kasmir, aliyetafuta ufunguo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Hapa pana nini, mzee wangu?”

“Palikuwa na magunia ya karanga, afande.”

Sakafu nzima ilikuwa na vumbi jeusi la moshi, isipokuwa mraba mmoja karibu na ukuta. Mraba huo ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa, na katika kila pembe palikuwa na bolti iliyozama kwenye zege.

“Magunia ya karanga yanafungwa kwa bolti?”

Kasmir alitazama bolti kama anaziona kwa mara ya kwanza. “Mimi ni mlinzi wa nje, afande.”

Sitara alipiga picha. Juu ya mraba, kwenye tundu la dari, kipande cha waya mnene kilining’inia, ncha yake imekatwa kwa koleo kali. Alipanda kwenye kreti akaufuata kwa tochi. Ulipanda hadi kwenye laini ya ghorofa ya pili na kuunganishwa kabla ya swichi ya kinga aliyoifunga Seifu. Swichi ile isingeweza kuuona mzigo huo, wala kuukata.

Alifungua jalada kwenye ukurasa wa tatu wa ripoti ya kitaalamu. Palikuwa na grafu. Ijumaa, saa saba na dakika nane: cherehani kumi na nne zinavuta umeme kwa pamoja.

Grafu hiyo aliwahi kuipokea, akaipitisha. Wiki mbili zilizopita alikuwa amesoma ukurasa wa mwisho tu, penye hitimisho na sahihi.

Sahihi ilikuwa ya Vitalis.

*

Vitalis alikuwa mhandisi aliyetengeneza visanduku kumi na viwili vilivyofungwa kwenye makabati ya mita kuanzia Mnazi Mmoja hadi Mchikichini. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na kompyuta ndogo, haizidi kiberiti, yenye kazi moja: kusikiliza umeme. Ilipima nguvu yake, kiasi kinachovutwa, na mapigo yake, kila sekunde, usiku na mchana, ikaandika kwenye kadi ya kumbukumbu na kutuma nakala kwenye karakana yake. Wafanyabiashara walivipenda kwa kuwa jokofu likiungua, kisanduku kilisema nani mwenye makosa. Sitara alivipenda kwa kuwa vilimsaidia kumaliza kesi nne. Katika kesi hizo ndipo Vitalis alipomfundisha kusoma grafu, na ndipo alipoanza kufuturu kwao Ramadhani, akikaa karibu na mama yake Sitara na kusifia uji wake wa pilipili manga.

Kisanduku cha jengo la Sikukuu kilisalimika kwa kuwa kabati la mita lilikuwa nje. Asubuhi baada ya moto, Vitalis aliomba akichukue ili aitoe kadi yake “isije ikaharibika”. Siku ya tatu aliileta kituoni ndani ya bahasha, pamoja na ripoti.

Jambo la kwanza ambalo Sitara alilifikiria ni saa. Kifaa kinaweza kupoteza saa. Kama saa ya kisanduku ilikosea, grafu ya saa nne asubuhi ingeweza kusomeka kama ya saa saba, na kosa lingekuwa la betri ndogo tu. Alitaka sana iwe hivyo.

Kulikuwa na njia ya kupima. Umeme wa gridi hupiga mara hamsini kwa sekunde, lakini kamwe si hamsini kamili. Hupungua kidogo, huzidi kidogo, na kupanda na kushuka huko ni kumoja nchi nzima kwa wakati mmoja. Visanduku viwili vilivyo mbali huandika mstari uleule wa mapigo. Alihitaji kisanduku cha pili, tena ambacho hakijapita mikononi mwa mtu.

Kilikuwepo kimoja tu. Mwezi uliopita Vitalis alilalamika kwamba kisanduku cha Mchikichini hakipati mtandao, hakitumi chochote, na kwamba ataipitia kadi yake akipata nafasi.

Sitara alitembea kwa miguu hadi Mchikichini. Kilikuwa kwenye banda la Abbasi, muuza mitumba aliyekuwa akipiga pasi mashati na kuyaita ya dukani.

“Mambo, afande! Leo nina blauzi za ofisini, hata waziri hana.”

“Poa, Abbasi. Vitalis amekuja kuchukua kadi ya kisanduku?”

“Injinia? Ana miezi miwili hajakanyaga hapa. Alisema atakuja. Kashakuwa mtu mkubwa yule.”

Alimwandikia Abbasi hati ya kukabidhi mali, wakasaini wote wawili, akaichomoa kadi. Alikaa juu ya belo la suruali, akatoa mkobani kompyuta mpakato yenye nakala ya kadi ya Sikukuu, akaweka Ijumaa ya Mchikichini kwa rangi nyekundu na Ijumaa ya Sikukuu kwa rangi ya bluu.

Mistari haikukubaliana. Mwekundu ulipanda, wa bluu ulishuka.

Aliusogeza wa bluu dakika moja. Dakika kumi. Saa moja. Saa tatu. Aliusogeza siku nzima ya Ijumaa, mbele na nyuma. Haukukaa popote.

“Unatafuta nini humo, afande?” Abbasi aliuliza, pasi mkononi.

“Siku.”

Akaondoa Ijumaa ya Mchikichini, akaweka Alhamisi. Hapana. Jumatano haikuhitaji kujaribiwa. Kariakoo haikuwa na umeme. Akaweka Jumanne.

Mstari wa bluu uliingia juu ya mwekundu, ukatoweka chini yake. Kila kilima, kila bonde, sekunde kwa sekunde, kuanzia asubuhi hadi saa saba na dakika nane mchana.

Bado angeweza kuitetea saa. Saa iliyotangulia siku tatu ingeweza kuiita Jumanne Ijumaa. Basi akafungua Jumanne yenyewe katika kadi ya Sikukuu, akailinganisha na ile iliyoitwa Ijumaa.

Zilikuwa siku moja. Cherehani zilezile zikiwashwa na kuzimwa kwa sekunde zilezile. Kadi ilikuwa na Jumanne mbili na haikuwa na Ijumaa yoyote. Saa haiwezi kufanya hivyo. Mtu ndiye huweza.

Na mtu huyo ilimbidi achague siku ya kazi ya mwisho kabla ya mashine ya barafu kuwashwa. Jumatano haikuwa na umeme. Ikabaki Jumanne, siku ambayo mafundi hawaendi kuswali saa saba wakaacha chumba kitupu. Aliyekulia nyumba ambayo Ijumaa ni siku kama nyingine hakuona kwamba amewarudisha kazini watu waliokuwa msikitini.

Sitara alifunga kompyuta.

“Umeipata?” Abbasi aliuliza.

“Nimeipata.”

“Mbona hufurahi?”

*

Karakana ya Vitalis ilikuwa Mtaa wa Likoma, juu ya duka la vyombo. Alikuwa anachomelea waya mdogo kwenye ubao wa kompyuta, miwani imeshuka puani. Aliposikia mlango alitabasamu kabla hajageuka.

“Hatua hizo nazijua. Karibu, dada afande. Ungepiga simu ningekuwekea chai ya tangawizi. Mama hajambo?”

“Hajambo. Nina saa moja tu, Vitalis. Naomba unifundishe tena mapigo.”

“Jalada si linakwenda leo?”

“Ndiyo maana. Wakili akiniuliza nisije nikababaika.”

Aliweka chini chombo cha kuchomelea, akaanza kueleza kwa mikono, kama kawaida yake. “Gridi ni moyo mmoja, dada. Mtu akiwasha kinu kikubwa Morogoro, hapa Kariakoo moyo unasita kidogo. Kila kisanduku kinasikia. Kwa hiyo mapigo ya siku moja hayafanani na ya siku nyingine, kama vile…”

Aliishia hapo. Sitara alikuwa amefungua kompyuta juu ya meza, mistari miwili imelaliana.

Vitalis alisoma majina ya mafaili. Alisoma tena. “Hii nyekundu umeitoa wapi?”

“Kwa Abbasi.”

“Saa ya kisanduku cha Sikukuu ina matatizo. Nilikuwa nataka kukwambia. Betri zake—”

“Saa nimeijaribu. Jumanne imo mara mbili.”

Chini dukani mtu alikuwa anagongagonga sufuria kuthibitishia mteja kwamba ni nzito. Vitalis alizima chombo cha kuchomelea.

“Mzee Rogath ni nani kwako?” Sitara aliuliza.

“Baba mdogo.”

“Hukuniambia.”

“Ungeniondoa kwenye kesi.”

“Ndiyo. Ningekuondoa.”

“Baba alipofariki ndiye aliyenichukua. Kidato cha kwanza hadi chuo, Sitara. Viatu, vitabu, nauli ya Krismasi kwenda Rombo. Hakuwahi kuniomba kitu. Mara moja tu, ile Ijumaa. Anaumwa moyo. Rumande angekufa.”

“Na Seifu angefanya nini rumande?”

“Nilidhani atapewa dhamana.”

“Hana mdhamini. Mkewe anakuja kituoni kila asubuhi na chupa ya uji, anaacha kaunta. Wewe ulikutana naye. Ulimpisha mlangoni.”

Vitalis alivua miwani akaifuta kwa shati. “Niliwaza kwamba ni kesi ya uzembe tu. Kwamba itaisha.”

“Matilda alikuwa peke yake mle ndani.”

“Najua.”

“Uliwasha cherehani kumi na nne juu ya maiti yake.”

Vitalis alirudisha miwani usoni.

Sitara aliuliza lile ambalo halikuwa kwenye orodha yake ya maswali. “Mkoani wapo wataalamu wengine. Ungeweza kuomba ripoti ipitie kwao, ukajitoa. Kwa nini ulihakikisha inakuja kwangu?”

“Kwa sababu mwingine angekagua.”

Alilisema polepole, bila kumtazama. Sitara alihesabu kurasa za daftari lake, ingawa alijua zilizobaki.

“Ijumaa yenyewe iko wapi?” aliuliza. “Uliifuta?”

“Sikuweza. Nilijaribu usiku ule. Miaka mitatu nafundisha watu kwamba hakuna anayefuta.” Mkono wake ulikwenda kwenye droo ya pili. “Ipo hapa. Mashine ya barafu inaonekana kila baada ya dakika ishirini, kama ngumi. Ya mwisho ni saa saba na dakika saba. Chukua.”

“Usiifungue.”

Mkono ulisimama.

“Ukinipa sasa hivi, mahakamani watasema nimeichukua kwa urafiki au kwa vitisho, na itatupwa. Nikuonye kwanza. Ukishasikia, unaweza kukataa. Ukikataa nitakwenda kuomba hati ya upekuzi, na mimi na wewe tunajua nikirudi droo itakuwaje.”

“Unaniambia nifikirie tena?”

“Nakwambia sheria.”

Alivuta kiti, akaandika tarehe, mahali na saa: saa saba na dakika arobaini na tano mchana. Kisha alisoma kwa sauti ileile aliyomsomea Seifu.

“Wewe Vitalis unatuhumiwa kughushi ushahidi katika kesi ya kifo cha Matilda. Unaonywa kwamba hulazimiki kusema lolote isipokuwa kwa hiari yako, na lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

Simu ya Vitalis iliwaka juu ya meza. Jina lililoandikwa ni Baba Mdogo. Iliita hadi ikanyamaza, ikaita tena. Vitalis aliitazama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye droo. Sitara hakuigusa. Seifu alikuwa ndani ya droo ile, na ilikuwa juu ya Vitalis kumtoa au kumwacha.

Simu ilinyamaza. Vitalis aliilaza kifudifudi.

“Endelea,” alisema.

“Una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki yako hapa wakati unatoa maelezo. Unataka aitwe nani?”

“Rafiki.”

“Jina lake.”

“Unalijua.”

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. “Anayeandika maelezo haruhusiwi kuwa upande wa mtuhumiwa,” Sitara alisema. “Taja mwingine.”

Vitalis aliangalia mlango, akaangalia visanduku vitatu vipya vilivyosubiri rafuni, kila kimoja na jina la duka litakalokipokea. “Basi sina,” alisema.

Sitara aliandika: *Hana.* Aligeuza karatasi, akamsogezea kalamu. Vitalis alilisoma neno lile muda mrefu kuliko linavyosomwa, akasaini pembeni yake. Ndipo akafungua droo, akatoa kadi, akaiweka katikati ya meza.

Sitara aliitia kwenye bahasha, akaiandika namba. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Alilazimika kuirudia namba chini yake.

“Nianzie wapi?” Vitalis aliuliza. “Kwa baba mdogo?”

“Anza na Seifu.”

Vitalis alishusha pumzi. “Fundi umeme Seifu hana kosa,” alisema, na Sitara aliandika.